Wiki Tano za Wauaji wa Kusini

Kombe la Ligi Kuu Tanzania Bara la msimu wa 2019/20 lilikabidhiwa Ruangwa. Ilikuwa Jumatano, Julai 8, 2020. Simba walikuwa wameshajihakikishia ubingwa, ratiba ikawaleta kwa Namungo FC kwenye Uwanja wa Majaliwa, dakika 90 zikaisha 0-0, na nahodha John Bocco akanyanyua kombe katika mji ambao miaka michache nyuma waandishi wa michezo hawakuwa na sababu ya kuufikia. Picha zilizosambaa siku ile zilikuwa za Simba. Kwa mtu anayefuatilia usajili, habari kubwa ilikuwa upande wa pili wa uwanja: timu iliyopanda daraja mwaka mmoja tu uliopita imewabana mabingwa, iko juu kwenye msimamo, na wachezaji wake wengi hakuna klabu kubwa iliyokuwa ikiwagombea mwaka mmoja nyuma.

Wiki chache baadaye msimu ulikwisha, na Namungo ikalazimika kufanya kazi ngumu kuliko kucheza na Simba: kuamua nani abaki, nani aachwe, nani aletwe, na fedha itoke wapi. Nimeifuatilia timu hii kwa miaka mingi sasa, na naamini hatima yake ilianza kuandikwa katika wiki zile ambazo mpira haukuwa ukichezwa.

Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi mwaka 1995, ilipopewa wilaya yake. Ndiyo maana mzee wa Mkotokuyana, kata iliyo upande wa Nachingwea, haoni ugeni wowote kuiita Namungo timu ya nyumbani. Alikwisha kuwa mtu mzima kabla mpaka ule haujachorwa. Ndugu wako pande zote mbili, Kimwera kinasikika pande zote mbili, na korosho na ufuta ndivyo vinavyolipa ada za shule huku na kule. Jina la timu limetoka Namungo, eneo la Ruangwa linalojulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mashabiki wakaipa jina la vitani: Wauaji wa Kusini.

Eneo hili limeshaona mambo makubwa yakija na kuondoka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa kituo chake kikuu cha kusini. Mapori yakang'olewa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, mji ukaota ndani ya muda mfupi. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, na treni hakuna. Baadaye wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO na kambi yao ya mafunzo, wakakaa miaka, wakaenda kuitawala Msumbiji. Mtu aliyekulia katika historia ya namna hii akiona timu ya Ligi Kuu imezuka wilayani kwake, hufurahi kwa moyo wote, na wakati huohuo hujiuliza itakaa miaka mingapi.

Kusini haikuwa ngeni kwa ligi ya juu. Kariakoo ya Lindi iliwahi kufika huko, na Bandari ya Mtwara vilevile. Enzi hizo uhamisho wa mchezaji ulikuwa ni uhamisho wa kazi. Timu nyingi zilikuwa za mashirika ya umma: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi. Ukimtaka mshambuliaji, ulimtafutia ajira. Alipata mshahara wa karani au fundi, nyumba ya shirika, na nafasi ya kufanya mazoezi jioni. Msimu ulipokwisha hakuondoka ovyo, kwa kuwa kuondoka kulimaanisha kuacha kazi na kuhamisha familia. Mashirika yalipokufa au kubinafsishwa miaka ya 1990, timu zake nyingi zilikufa nayo au zikashuka daraja, na mchezaji akabaki na kitu kimoja cha kuuza: saini yake.

Ndanda ya Mtwara ndiyo iliyoirudisha mikoa ya Lindi na Mtwara kwenye Ligi Kuu, ilipopanda mwaka 2014. Kwa miaka mitano ilikuwa peke yake. Mwaka 2019 Namungo ikapanda pamoja na Polisi Tanzania, na kwa msimu mmoja tu, ule wa 2019/20, mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa na timu mbili kwenye ligi ya timu 20. Msimu huo ulipofungwa, moja ilikuwa ya nne na nyingine ilikuwa imeshuka. Barabara ni moja, joto ni lilelile, na safari ya kwenda Mwanza au Bukoba ni ndefu kwa timu zote mbili. Ukitafuta kilichozitenganisha, utakikuta kwenye orodha za wachezaji na kwenye fedha iliyokuwa nyuma ya orodha hizo.

Namungo ilikuwa na mlezi ambaye Ndanda haikuwa naye. Kassim Majaliwa, mwalimu kitaaluma, alikuwa mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010 na Waziri Mkuu tangu Novemba 2015. Uwanja unaitwa kwa jina lake. Hakuna haja ya kuzunguka: timu yenye mlezi wa cheo kile hupata wadhamini na marafiki ambao timu nyingine ya mkoani isingewapata. Lakini fedha peke yake haijawahi kuchagua beki mzuri. Singida United nayo iliwahi kuwa na wadhamini wengi na wakubwa, na ilishuka daraja mwaka uleule wa 2020.

Aliyefanya kazi ya kuchagua alikuwa Hitimana Thierry, kocha kutoka Rwanda, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifundisha Biashara United ya Mara. Aliijua ligi kutoka chini, na aliwajua wachezaji ambao timu kubwa zilikuwa zimewapitia pembeni. Kikosi chake cha msimu wa kwanza kilikuwa mchanganyiko wa namna hiyo. Golini alikuwepo Nourdine Balora wa Burkina Faso. Kutoka Burundi alikuwepo Bigirimana Blaise mbele na Steve Nzigamasabo katikati. Wazawa walikuwa kina Lucas Kikoti, kiungo anayetembea na mpira bila papara, Edward Manyama upande wa kushoto wa ulinzi, Hashim Manyanya, na Reliants Lusajo, mfungaji asiyehitaji nafasi nyingi ili akuumize. Timu kubwa za Dar es Salaam huwa zinasajili jina. Hitimana alisajili kazi: nani atakaba, nani atakimbia dakika za mwisho, nani atafunga ugenini kwenye uwanja mbovu.

Machi 2020 ligi ikasimama kwa ajili ya korona. Iliporudi Juni, mechi zilibanana, na msimu ukasogea hadi mwisho wa Julai. Namungo ikamaliza ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Upande wa Kombe la Shirikisho la Azam Sports, iliitoa Sahare All Stars ya Tanga kwenye nusu fainali, ikaenda Sumbawanga kucheza fainali kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Jumapili ya Agosti 2. Simba ilishinda 2-1. Luis Miquissone na Bocco walifunga mapema, Manyama akarudisha moja kipindi cha pili, na kwa muda uliobaki Simba walikuwa wakiombea filimbi.

Kupoteza fainali ile hakukuondoa tiketi ya Afrika. Simba ilikuwa inakwenda Ligi ya Mabingwa kwa ubingwa wa ligi, kwa hiyo nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikawa ya Namungo. Kuanzia Sumbawanga hadi kuanza kwa ligi mpya, Septemba 6, zilikuwa wiki tano kamili. Katikati yake kulikuwa na mechi ya Ngao ya Jamii dhidi ya Simba jijini Arusha, Agosti 30. Katika wiki hizo tano, mapumziko, usajili na maandalizi vilifanyika kwa wakati mmoja.

Mtu wa nje hudhani kipindi cha usajili ni kununua tu. Ukweli ni kwamba kazi ya kwanza ni ya kupitia karatasi. Katibu anafungua majalada: huyu mkataba wake umekwisha, huyu ana mwaka mmoja umebaki, huyu yupo kwa mkopo na klabu yake inamtaka. Kocha anatoa ripoti ya msimu, na ndani yake kuna orodha mbili. Ya kwanza ni ya wasioguswa. Ya pili ni ya wanaopewa mkono wa kwaheri, na hiyo huwa siri hadi siku ya mwisho, maana mchezaji akijua ameshaachwa hafanyi tena mazoezi kwa moyo. Kisha inakuja hesabu ya wageni. Kanuni za wakati ule ziliruhusu klabu kusajili wachezaji 10 wa kigeni, baadaye ikaongezwa hadi 12. Kila mgeni ana kibali cha kazi, tiketi ya ndege, nyumba, na hati ya uhamisho wa kimataifa inayopita kwenye mfumo wa FIFA. Mfumo ule haujui udugu. Karatasi moja ikikosekana usiku wa mwisho wa dirisha, mchezaji umelipa na humtumii.

Halafu kuna fedha ya usajili, na hapa ndipo soka la Tanzania linapotofautiana na linavyoonekana kwenye televisheni. Mchezaji wa Kitanzania anaposaini hupewa kitita mkononi, na mara nyingi kitita hicho ndicho chenye maana kwake kuliko mshahara wa mwezi. Ndicho kitakachojenga nyumba Mbagala au kumnunulia mama shamba. Kwa hiyo mkataba mfupi unampendeza: akisaini mwaka mmoja leo, mwakani atapewa kitita kingine. Klabu ndogo nayo inaupenda mkataba mfupi, kwa sababu haina uhakika wa kulipa mshahara wa miaka mitatu. Pande zote mbili zinaridhika siku ya kusaini. Mchezaji akifanya vizuri, pande mbili zilizoridhika zinakuwa moja. Timu yenye fedha inasubiri mkataba uishe, inampigia simu, na klabu iliyompa jina haipati hata senti ya uhamisho.

Wakulima wa kwetu wanaujua mtego huu kwa jina la kangomba. Njaa au ada ya mtoto inamfanya mtu auze korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na mnada unapofika Oktoba zinazopanda bei si zake tena. Serikali imepiga vita kangomba kwa miaka. Kangomba ya mpira haijapigwa vita na mtu.

Agosti ile ya 2020 Namungo ilikuwa na bahati moja ambayo haijirudii mara nyingi. Shirikisho la soka nchini (TFF) lilikuwa linapunguza ligi kutoka timu 20 hadi 18, kwa hiyo timu tano zilishuka kwa mpigo: Ndanda, Lipuli, Alliance, Singida United, na Mbao iliyopoteza mechi za mchujo kwa Ihefu. Kila timu ina wachezaji zaidi ya 20. Ghafla soko likajaa watu wanaoijua ligi na wasio na pa kucheza, na bei zikashuka. Kutoka Singida United akaja Stephen Sey, mshambuliaji wa Ghana. Polisi Tanzania, waliopanda pamoja na Namungo, wakampoteza Sixtus Sabilo kwenda Ruangwa. Haruna Shamte, beki wa kulia aliyekosa nafasi Simba, akatua. Jaffar Mohammed akatoka Yanga. Golini akaongezwa Jonathan Nahimana kutoka KMC, kipa aliyekuwa na Burundi kwenye Mataifa ya Afrika ya mwaka 2019 kule Misri.

Ukizitazama saini hizo pamoja utaona fikra yake. Hakuna nyota aliyenunuliwa. Kila mmoja alikuwa ameachwa au ameshuka daraja au hakuwa na uhakika wa namba, na kila mmoja alikuwa na jambo la kuthibitisha. Kwa klabu yenye mfuko wa Namungo, ule ulikuwa usajili wa akili.

Aliyeondoka alikuwa Lusajo. Alikwenda KMC ya Kinondoni. Kwa mashabiki lilikuwa pigo, na nakubaliana nao hadi leo. Timu inayokwenda Afrika kwa mara ya kwanza haimwachii mfungaji wake aondoke kama ina njia yoyote ya kumbakiza. Tatizo ni kwamba njia hiyo hujengwa msimu mmoja kabla, kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu uliosainiwa wakati mchezaji bado hajajulikana. Agosti ya mafanikio huwa umeshachelewa. Baadaye Lusajo alirudi, na msimu wa 2021/22 alikuwa tena Ruangwa akifunga mabao. Nafurahi alirudi. Lakini kumrudisha mtu uliyekuwa naye ni kulipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Kikosi kipya hakikupata muda wa kuzoeana. Simba waliwafunga 2-0 Arusha kwenye Ngao ya Jamii, na wiki moja baadaye ligi ikaanza. Matokeo hayakuwa ya msimu uliopita, na kabla mwaka 2020 haujaisha Hitimana alikuwa ameondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Hemed Suleiman, anayefahamika zaidi kwa jina la Morocco, Mzanzibari aliyeifikisha Zanzibar Heroes fainali ya CECAFA mwaka 2017 na ambaye miaka ya baadaye angepewa Taifa Stars. Kocha mmoja alisajili, mwingine akarithi. Hilo ni jambo la kawaida Tanzania, na ni ghali, kwa sababu kila kocha anakuja na orodha yake ya kuacha na kuleta.

Hata hivyo, usajili wa Agosti ulilipa pale ulipokuwa umelenga. Afrika, Namungo ilianza kwa kuitoa Al-Rabita ya Sudan Kusini. Ikafuata Al-Hilal ya El Obeid, Sudan: 2-0 nyumbani na sare ya 3-3 ugenini. Nyumbani kwenyewe kulikuwa Dar es Salaam, kwa sababu uwanja wa Ruangwa haukuwa na vigezo vya CAF. Watu wa Ruangwa na Nachingwea waliishuhudia timu yao ikiandika historia kupitia redio na televisheni.

Mechi ya mchujo wa kuingia makundi ilikuwa dhidi ya Primeiro de Agosto ya Angola, klabu ya jeshi yenye fedha na uzoefu. Februari 2021 Namungo ikasafiri hadi Luanda, na huko mamlaka za afya zikasema baadhi ya watu wa msafara wamekutwa na korona. Mechi haikuchezwa. Wachezaji watatu na kiongozi mmoja wakabaki karantini ugenini, wenzao wakarudi. CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Jumapili ya Februari 21, Namungo iliyopungukiwa wachezaji iliifunga Primeiro de Agosto 6-2. Alhamisi iliyofuata Waangola walishinda 3-1, na haikuwatosha. Jumla ikawa 7-5. Timu ya wilaya iliyokuwa daraja la kwanza mwaka 2019 ikaingia hatua ya makundi ya Afrika mwaka 2021. Hapo ndipo thamani ya kikosi kipana inapoonekana: mchezaji aliyesajiliwa Agosti kama wa akiba anaamka Februari akiwa wa kwanza.

Kundi lilikuwa gumu kupita uwezo: Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia. Namungo ilipoteza mechi zote sita. Raja ndio walikuja kuwa mabingwa wa mashindano yale. Kwa kushika mkia wa kundi tu, zawadi ya CAF ilikuwa dola 275,000, zaidi ya shilingi milioni 600 kwa thamani ya wakati ule. Kwa klabu ya mkoani hizo ni fedha za kubadilisha maisha, kama zingekwenda kwenye mikataba mirefu ya vijana.

Mashabiki wa mpira wanaopenda michezo ya Marekani hupenda kulinganisha usajili wetu na wa huko. Kule kwenye besiboli, kipindi kisicho na mechi ndicho kina mvuto wa pekee, kwa sababu klabu zinaweza kubadilishana wachezaji kama wanavyobadilishana mali, mmoja kwa mmoja au watatu kwa mmoja. Kwa miongo mingi mchezaji hakuwa na sauti. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis alikataa kupelekwa Philadelphia, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya nchi yake ikamnyima haki. Ilipofika Desemba 1975 ndipo uamuzi wa msuluhishi ukafungua mlango wa mchezaji huru. Ulaya nayo ilisubiri kesi ya Jean-Marc Bosman hadi Desemba 1995 ili mchezaji aliyemaliza mkataba aondoke bila ada. Sisi tuliupokea uhuru huo ukiwa umeshaiva. Mchezaji wetu ana haki ambayo Flood aliipigania akaikosa, na ni haki njema. Kilichotupungukia ni upande wa pili wa mizani: klabu kujifunga kwa miaka mingi na kijana, ikamlipa vizuri, ili akitaka kuondoka kuwe na cha kujadili.

Dirisha baada ya dirisha, Namungo iliendelea kukusanya. Mwaka 2021 alikuja Obrey Chirwa, Mzambia aliyepita Yanga na Azam. Shiza Kichuya, winga aliyewahi kutamba Simba, naye alivaa jezi ya Ruangwa. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Meddie Kagere, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, 2018/19 kwa mabao 23 na 2019/20 kwa mabao 22. Wote hawa ni wachezaji wakubwa, na wote walifika kusini wakiwa wameshatoa miaka yao bora mahali pengine. Ukiweka orodha hii kando ya ile ya Agosti 2020, utaona timu imehama kutoka kutafuta wenye njaa hadi kutafuta wenye majina. Mimi nilipendelea njia ya kwanza.

Makocha nao walipishana: Honour Janza wa Zambia, Denis Kitambi, Cedric Kaze wa Burundi, Mwinyi Zahera, kisha Juma Mgunda mwaka 2024. Fedha za ligi ziliongezeka. Mei 2021 Azam Media ilisaini haki za matangazo kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6, na kila klabu ya Ligi Kuu ikawa na fungu la uhakika. Hilo fungu ndilo lililopaswa kuwa msingi wa mikataba mirefu. Badala yake, klabu nyingi zilipandisha fedha ya usajili, na bei ya mchezaji yuleyule ikapanda kwa mkataba uleule wa mwaka mmoja. Klabu kadhaa za Tanzania zimefika mahali pa kufungiwa kusajili na FIFA kwa kutowalipa wageni.

Julai 2025 Kassim Majaliwa alitangaza kwamba hatagombea tena ubunge wa Ruangwa, na Novemba mwaka huo Waziri Mkuu akawa mwingine. Miaka 10 ya timu kuwa na mlezi wa cheo kile ilikwisha. Sina shaka na mapenzi yake kwa Namungo, na sitarajii ayaache. Lakini wadhamini hufuata cheo, na kuanzia sasa klabu italazimika kuishi kwa fungu la matangazo, kwa mapato ya mlangoni, na kwa wachezaji inaowauza.

Ili uuze, lazima uwe na cha kuuza chenye karatasi. FIFA ina utaratibu ambao watu wengi wa vijijini hawajaambiwa: mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu yoyote iliyosajiliwa, hata ya kata, ina haki. Kinachohitajika ni jina la kijana kuonekana kwenye mfumo wa usajili wa TFF mwaka kwa mwaka. Mtoto anayecheza ligi ya mbuzi Mkotokuyana leo, miguu mitupu, akiwa na kipaji cha kumzidi Kikoti, hayumo kwenye mfumo wowote. Akienda Dar es Salaam akiwa na miaka 19, ataandikwa kana kwamba alizaliwa siku ile. Akiuzwa Ulaya, Nachingwea haitapata chochote, na Namungo haitapata chochote, ijapokuwa alikua akiitazama.

Kumsajili mtoto huyo hakuhitaji mlezi wala mdhamini. Kunahitaji katibu wa chama cha soka cha wilaya aliye tayari kupanda pikipiki, mwalimu wa michezo mwenye vyeti vya kuzaliwa vya wanafunzi wake, na timu ya vijana ya Namungo iliyokubali kuwa na tawi ng'ambo ya mpaka wa mwaka 1995. Wakati mzuri wa kuifanya ni Juni, shule zikiwa zimefungwa, ufuta ukiwa mnadani na dirisha kubwa likiwa bado halijafunguliwa.